Mafla ya Carina TI iliyooza: bili ya 280,000 ilivyoshuka mpaka 94,000 na masega yakabaki

Gari yenyewe ni Toyota Carina TI, injini ya 5A-FE ile ya cc 1500, mali ya mama yangu mdogo ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi. Anakaa Nkuhungu, hapa Dodoma, na shule anayofundisha iko dakika chache tu kutoka nyumbani, na hizo dakika chache uzishike maana ndo chanzo cha nusu ya kisa hiki. Gari aliinunua kwa mtu wa Dar, ilishakaa miaka ya kutosha kwenye ule upepo wa chumvi kabla haijapandishwa Dodoma. Malalamiko yake yalikuwa mawili: gari inanguruma mpaka watoto darasani wanajua madam amefika kabla hajakata kona, na mafuta yanaisha haraka kuliko zamani. La tatu hakulisema kama tatizo, alilitaja tu katikati ya stori, kwamba siku hizi akifika shule kichwa kinamgonga asubuhi asubuhi, yeye anadhani ni presha. Mi hilo la tatu ndo lilinifanya niache nilichokuwa nafanya.

Kabla hajanipigia alikuwa ameshapita gereji moja hapa mjini. Fundi kainama, kamulika na tochi ya simu kama nusu dakika hivi, kanyanyuka na hukumu: "Madam, ekzosi yote imeisha hii, kuanzia masega mpaka mkiani. Tunang'oa yote." Bei 280,000. (Ekzosi ni njia yote ya bomba la moshi, mafla ni lile kopo la nyuma linalomeza kelele, masega nayaeleza chini kidogo.) Mama akamwambia ukweli kwamba hiyo hela hana, mshahara bado, na hapo hapo fundi akalegea akaja na ofa nyingine, tena kwa upole, "Basi tufanye hivi madam, masega nabaki nayo mimi, nakuwekea bomba zuri na mafla mpya, hunidai sikudai, afu nakurudishia elfu 50 ya mafuta." Mama akanipigia akiwa hapo hapo gereji, amesogea pembeni kidogo, "Mwanangu, hii si ndo nzuri? Natengenezewa na napewa hela."

Nikamwambia washa gari mama, mshukuru fundi, rudi nyumbani na vioo ushushe vyote.

Hii ofa inazunguka sana na watu wanaingia kila siku kwa hiyo acha niieleze vizuri. Masega ni lile dude limevimba katikati ya bomba la moshi, sehemu ya mbele karibu na injini, ndani kuna kitu cha kauri chenye vitundu vidogo vidogo vingi na ndo jina limetokea hapo. Vile vitundu vimepakwa madini ya bei mbaya, platinamu, paladiamu na rodiamu, kazi yake ni kuubadilisha moshi wenye sumu uwe na nafuu kabla haujatoka. Sasa yale madini hayaishi kwa sababu gari imezeeka. Masega yanaweza kuziba, yanaweza kuvunjika vipande, na mnunuzi bado atayataka kwa sababu yeye anafuata madini. Ndo maana kuna watu wanazunguka magereji wakiyanunua na ndo maana wezi wanalala chini ya magari ya watu usiku. Kwa hiyo fundi anapokwambia masega "yameisha" afu hapo hapo anayataka yeye kama malipo, jua hapo kuna mahesabu ambayo we hujaonyeshwa. Mafla ya Mchina, kipande cha bomba, kuchomelea na ile elfu 50 juu, vyote hivyo bado vinamwachia faida, vinginevyo asingetoa ofa.

Kuna watakaosema gari bila masega inatembea fresh tu, na kweli inatembea, sitabisha. Hii Carina ya mama ina sensa ya oksijeni (ile inayopima oksijeni kwenye moshi) moja tu na iko mbele ya masega, hakuna ya pili nyuma yake ya kulalamika, kwa hiyo hata taa ya injini haiwaki. Lakini moshi unabadilika harufu, unauma macho ukisimama nyuma ya gari, na kelele inaongezeka kwa sababu masega nayo yanameza sauti kiasi chake. Na ile stori ya gari kuwa nyepesi ukitoa masega, kwenye cc 1500 iliyochoka hiyo utaisikia masikioni zaidi ya mguuni. Sababu halali ya kuyatoa ni kama yameziba, na kuziba kuna dalili zake: gari inakosa nguvu kabisa kwenye mlima, unakanyaga mafuta mshale haupandi, au ukiyagonga na ngumi yakiwa baridi unasikia vipande vinacheza ndani. Ya mama niliyagonga, kimya. Tukaipandisha kilima, ikapanda bila kulia lia. Masega yake mazima.

Jumamosi asubuhi mapema nikaenda Nkuhungu kabla gari haijawashwa, na hilo la kabla haijawashwa lina maana. Bomba la moshi likipata moto chuma kinatanuka na mipasuko midogo inajifunga yenyewe, kwa hiyo ukikagua gari imetoka kutembea unaweza ukakosa kabisa uvujaji ambao asubuhi ulikuwa wazi. Nikaipandisha mbele kwa jeki, nikaweka stendi (jeki peke yake usiingie chini, hata kwa dakika moja, hata kama umeona mafundi wanafanya), nikavaa glavu, mdogo wangu akawasha injini, mi nikaziba mkia wa bomba na tambara zito kwa sekunde chache. Mkandamizo ukipanda ndani, moshi unatafuta pa kutokea na hapo kila tobo linajitaja lenyewe. Fanya hivi nje kwenye hewa, usifanye ndani ya banda.

Yakajitaja matatu, na hapa ndo ule utambuzi wa nusu dakika wa fundi wa kwanza ulipopotea.

La kwanza ni mafla ya nyuma, hiyo haikuhitaji tambara. Tumbo la chini kwenye mshono limeoza, nilisukuma na bisibisi ikazama. La pili ni bomba linaloingia kwenye hiyo mafla, limepasuka nusu duara sehemu ya kuungia. Kwa nini limepasuka pale? Kwa sababu raba moja ya kuning'iniza mafla ilikatika zamani na mtu akaweka waya wa kufungia nondo. Waya haunyumbuki. Injini ikitikisika bomba linataka kucheza, raba ingeruhusu, waya unakataa, basi kule kutikisika kote kunaenda kuishia kwenye kiungo mpaka kinapasuka. La tatu sasa, ambalo mafla ilikuwa inalificha kwa kelele zake, lilikuwa mbele kabisa, pale bomba linapokutana na manifoldi, lile chuma linalokusanya moshi ukitoka kwenye injini, kwenye ile gasketi ya duara yenye bolti mbili za springi. Pale ilikuwa inatoa tss tss tss, na ukisogeza mkono kwa mbali unaukuta moshi unakupiga vidoleni.

Hilo la mbele ndo lilikuwa baya kuliko yote na lina bei ndogo kuliko yote. Moshi wa pale haujapita kwenye masega, ni mbichi, una kaboni monoksaidi ya kutosha, gesi isiyo na rangi wala harufu na inayong'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 ya oksijeni. Unatoka chini ya boneti, unapita kwenye matundu ya upepo, unaingia ndani. Na mama, kama watu wengi wa Dodoma, anafunga vioo kwa sababu ya vumbi, na mwezi wa 7 kwa sababu ya baridi na ule upepo. Kichwa kinachogonga ukiwa kwenye gari na kinachopoa ukishuka, usikimbilie kusingizia presha. Nilimwambia hivyo, na nikamwambia akapime presha vile vile maana umri nao una mambo yake.

Na mafuta? Hapo hapo. Moshi hautoki kwenye injini kama maji ya bomba, unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo kunakuwa na mvuto kidogo unaonyonya hewa ya nje kupitia lile tobo. Hiyo hewa ina oksijeni, sensa inaiona, inaiambia kompyuta ya gari kwamba mafuta ni kidogo, kompyuta inaongeza. Injini ilikuwa sawa, imedanganywa tu.

Katikati ya haya fundi mwingine jirani alipita akainama, akasema "mafla imetoboka hapa pia," akionyesha kitundu kidogo cha duara upande wa chini karibu na mkia, kimenyooka safi kabisa. Hicho kimetoka kiwandani jamani. Ni cha kutolea maji. Ukikiziba na rodi umeihukumu mafla yako, na matone ya maji yanayotoka hapo asubuhi ni kawaida.

Maji gani wakati Dodoma tunalia ukame? Petroli ikiungua inatoa maji, na sio kidogo, lita moja ya petroli inazalisha karibu lita moja ya maji kama mvuke. Gari ikienda safari ndefu, mfano Dodoma mpaka Morogoro, bomba lote linachemka mpaka nyuma na mvuke unatoka wote. Ila ukienda Nkuhungu mpaka shule ya jirani na kurudi, mafla ya nyuma ambayo iko mbali na injini haijawahi kupata moto wa kutosha, mvuke unapoa mle ndani, unakuwa maji yenye tindikali kidogo kwa sababu ya moshi, yanakaa kwenye tumbo la chini, yanakula chuma kutoka ndani. Kwa nje unaona vumbi jekundu tu. Chumvi ya Dar ilianza kazi na safari fupi zikaimalizia. Hapa ndo nilimwambia mama mara moja moja awe anaipeleka Kibaigwa na kurudi ipate moto, akanijibu "na mafuta utaweka wewe?" Haki yake.

Sasa kutibu. Kuziba mafla yenyewe kwa kuchomelea tulikataa mapema, maana kuchomelea bati lililoliwa na kutu ni kushona kitambaa kilichooza, sindano inapita ila uzi unaondoka na kipande, utaziba tobo moja unafungua mawili. Ile dawa ya kupaka ya kuzibia ekzosi ukiizungushia bati la kopo na klipu mbili inashika vizuri kwenye bomba lililonyooka, wiki kadhaa unapata, lakini kwenye mshono wa mafla haikai. Mafla mpya ya Mchina zile za kila gari zipo madukani ila nyingi nilizozishika ni nyepesi sana, na midomo yake haikai pale ya Carina inapokaa, kwa hiyo fundi analazimika kukunja na kuungaunga mpaka gharama ya kazi inazidi ya mafla.

Tukaamua mtumba wa Japani. Dodoma nilikuta bei 70,000 na yenyewe kutu imeshaanza. Nikamtafuta jamaa ninayemfahamu anayeuza spea used Ilala, na hapa kuna kanuni zangu za kununua kitu kwa simu: picha ikiwa na futikamba imewekwa juu yake, picha ya mdomo wa kuingilia kwa karibu, picha ya tumbo la chini, na video fupi anaitikisa. Ikitikiswa ikatoa sauti ya mchanga mchanga, ndani kumeshaoza, achana nayo. Kipenyo cha bomba letu nilipima kwa nje kikaja milimita 42, na nikamwambia asinitumie "inayofanana". Akanipa kwa 45,000, nikaipokea stendi kuu ya mabasi Nanenane imefungwa kwenye gunia. Nauli ya mzigo ndani yake, hiyo nilimbana.

Kabla ya kupeleka kwa welda nililowesha bolti za mbele na nati zote kwa mafuta ya kulainisha kutu jioni yake, nikarudia asubuhi, maana bolti za ekzosi zimepikwa miaka na ukizilazimisha zinakatika. Moja ilikatika hata hivyo. Ikatobolewa na drili, ikawekwa bolti ya kupenya na nati yake, ikaisha.

Welda ni mzee mmoja wa Kigogo kule upande wa Kizota, ukifika usianze na bei, anza na mbukwenyi, salamu yao Wagogo, mengine yanafuata. Kazi yake niliipenda kuanzia alivyokataa kuchomelea chini ya gari. Alisema bomba lishuke. Sababu anazijua: tenki la petroli liko pale pale chini ya siti ya nyuma na cheche hazina adabu, na umeme wa mashine ya kuchomelea ukipita kwenye bodi unaweza kuua kompyuta ya gari. Kama lazima uchomelee likiwa juu ya gari basi toa kwanza waya wa betri, ila kushusha ni bora.

Tukapishana mara moja tu. Kipande cha bomba kilichopasuka kilihitaji kurefushwa kama sentimita 15, na kijana wake akaleta bomba la maji, lile jeupe la mabati. Nikamwambia baba, hilo hapana. Lile limepakwa zinki, ukilichomelea ule moshi mweupe ukiuvuta usiku unatetemeka homa kama malaria, afu ni zito mno, raba za kuning'iniza na gasketi ya mbele ndo zitaubeba huo uzito. Mzee akamtazama kijana, "si nilikwambia ulete la kwenye ile Corolla?" Likaja bomba la ekzosi kutoka gari iliyokufa, unene ule ule, likaingia ndani ya jingine kama sentimita 3 hivi. Kuingiliana ni muhimu, mdomo kwa mdomo kwenye bati jembamba unapasuka tena.

Alisafisha na grenda mpaka chuma kikang'aa, akaweka rodi ya 2.5, akapunguza umeme, na hakuchora mstari. Aligusa, akainua, akasubiri wekundu uzimike, akagusa upande wa pili wa duara, akageuza. Ukichora mstari mfululizo kwenye bati la unene ule linatoboka mbele yako. Kitu kimoja zaidi alichofanya ambacho mafundi wengi wanaruka: alishikiza kwanza kwa nukta mbili tu, tukarudisha bomba kwenye gari na raba zake zote zikiwa mpya, tukahakikisha halijagusa bodi wala ekseli ya nyuma, ndo tukalishusha tena akamalizia. Ukimalizia kuchomelea chini afu ukaja kugundua limepinda, utakata upya.

Raba 3 kwa 4,000 kila moja, hapo 12,000. Gasketi ya duara 8,000. Bolti na nati 4,000. Kuchomelea na kufungua na kufunga 25,000. Mafla 45,000. Jumla 94,000, na masega yapo kwenye gari ya mwenyewe. Zile bolti za springi hazikazwi mpaka springi ibanane kabisa, inatakiwa ibaki na pumzi, maana pale ndo injini inapopata nafasi ya kucheza bila kuvunja bomba. Fundi akikukazia mpaka mwisho kwa kukuonyesha nguvu zake, mwambie alegeze.

Tukarudia mtihani wa tambara, injini ikataka kuzimika, na hiyo ndo unayoitaka, maana yake moshi umekosa pa kutokea. Tukapaka povu la sabuni kwenye viungo baada ya gari kupoa, tukapuliza upepo wa kompresa kutokea mkiani, hakuna kilichotoa mapovu isipokuwa kidogo sana kwenye gasketi ya mbele, na hiyo gasketi mpya inahitaji kupata moto mara kadhaa ikae. Nilirudi nikaikaza kidogo, sasa imetulia.

Mama anasema ile hela ya mafuta aliyozoea sasa inamfikisha mbali kidogo, sijapima kwa hiyo nachukua neno lake. Kichwa hakijamrudia, na presha alipima ikaonekana iko sawa. Kitakachofuata kuoza ni bomba la katikati, limeanza vipele vya kutu karibu na kiungo, nalipa muda kidogo, na likifika tutakata hicho kipande tu. Kulikuwa kumebaki mlio wa bati ukisimama taa nyekundu, tukadhani kazi imefeli, kumbe ni ngao ya joto juu ya masega imeachia bolti moja inatetemeka. Klipu kubwa ya mpira wa rejeta, buku mbili, tukaizungushia.